Barua kwa Mwanangu: Zihesabu Sumaku Kabla Hujafunga Begi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, kwamba unakuja likizo na zile gololi zako za sumaku. Zihesabu kabla hujafunga begi, uniandikie idadi. Mdogo wako sasa anatambaa, na kila anachookota kinaishia mdomoni.

Akimeza moja, huenda ikapita. Akimeza mbili, moja hutulia kwenye mkunjo mmoja wa utumbo, nyingine kwenye mkunjo wa jirani, zikavutana na kubana kuta za utumbo katikati. Kadiri zinavyokaribiana ndivyo kani inavyopanda kwa kasi, kwa hiyo haziachii. Damu haifiki hapo, nyama inakufa, utumbo unatoboka. Mwanzoni mtoto hutapika au kulia tumbo tu, nasi tukadhani ni tumbo la kawaida. Tukishuku tu kwamba kameza, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Mchoro wako wa uga wa sumaku, yaani eneo nguvu yake inapofika, nimeuonyesha kila aliyeingia humu ndani. Mistari umeitoa ncha ya kaskazini ikaingia ya kusini, umeisonganisha penye nguvu, ndivyo chembe za chuma zinavyojipanga juu ya karatasi. Ila umeandika sumaku huvuta kila metali. Hapana: huvuta chuma, nikeli na kobalti, shaba na alumini hazishiki. Hilo lilihitaji kuelezwa taratibu, si kukaripiwa kwa ajili ya alama kama nilivyofanya.

Hizo gololi ni za neodimiamu, aina ya sumaku yenye nguvu sana, ni ngumu lakini huvunjika kama kigae. Usiziache zigongane. Ikivunjika, kila kipande ni sumaku kamili yenye ncha zake mbili, basi vipande navyo uvihesabu. Kuzitenganisha, telezesha moja kando, usivute moja kwa moja. Zikirudiana zitakubana ngozi. Usizianike kwenye joto wala kuzichemsha, nyingi huanza kupoteza nguvu zikizidi nyuzi 80 za Selsiasi.

Bibi yako ana kile kifaa cha mapigo ya moyo kifuani. Usimkumbatie zikiwa mfukoni; ziwe angalau sentimita 15 mbali naye.

Droo ya juu nimeitia kufuli, zitakaa humo. Godoro lako nimelianika. Mpira wa mlango wa friji umelegea chini. Nao una ukanda wa sumaku ndani, ukifika utautazama.

Idadi naisubiri leo.

Mama yako