Keki Ilifika Kavu

Shangani, Mtwara
Mwishoni mwa Agosti

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka kusini. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana, na upepo wa kusi bado unavuma kiasi kwamba nguo usipozibana vizuri kambani unazifuata kwa jirani. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jikoni huku nakuna nazi. Ulipofika pale unaposema umepanda mashua ya bustani ya burudani na maji yamekuingia mpaka kwenye soksi, kifuu kilinitoka mkononi. Mama akaja kuchungulia kujua nacheka na nani.

Pole, lakini pole yangu ina masharti. Wewe ulilipa kiingilio, ukapanga foleni juani na watoto wa watu, na kwa maneno yako mwenyewe kibao kilikuwapo pale mlangoni kinachosema abiria anaweza kulowa. Unaniambia ulidhani ni mashua ya watoto, maana ndani giza, wanasesere wanaimba, maji yametulia kama ya kwenye sinia, kisha ghafla chombo kikaporomoka. Na hasira zako zote zimemwangukia wifi yako kwa sababu alikukalisha mbele kabisa, eti uone vizuri, yeye akarudi kukaa nyuma. Hapo nakuunga mkono. Wifi aliyekwishapanda mara moja akikupisha kiti cha mbele, muulize kwanza.

Baada ya kukusikiliza nikaanza kusoma habari za hizo mashua zenu, unanijua nikishika jambo. Kumbe mchezo wenyewe ni mkongwe. Mwaka 1895 bwana mmoja, Paul Boyton, alifungua bustani ya burudani pale Coney Island, New York, yenye uzio na kiingilio, na kivutio chake kikubwa kilikuwa mashua bapa inayoteleza kwenye mteremko mrefu na kutua bwawani kwa kishindo. Mwaka 1963, huko Texas, wakaja na mashua za umbo la gogo zinazopita kwenye mfereji, kwa kuiga wakata mbao waliokuwa wakishusha magogo kwa maji kutoka milimani. Na Disneyland ya California walifungua mashua zao za maharamia mwaka 1967, zote ndani ya jengo, zikiwa na maporomoko yake humo humo gizani. Yaani watu wanaloweshwa kwa tiketi tangu kabla bibi zetu hawajazaliwa.

Nililolipenda zaidi ni jinsi kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Pampu zinapandisha maji juu, chombo kinavutwa mpaka kileleni, kisha kinaachiwa. Kikifika chini kina kasi, na kinachokuja kukipunguza kasi ni maji yenyewe: pua ya mashua inayasukuma mbele, nayo yanaruka juu. Kwa hiyo yale maji yaliyokuvaa usoni ndiyo yaliyokuwa breki yako, somo. Na mashua ikiwa nzito mbele, pua inazama zaidi na maji yanaruka zaidi. Wifi yako hakukuonea peke yake, alishirikiana na uzito wa wale vijana wawili uliosema mlikaa nao.

Sasa nisikilize mimi, ambaye sikuwa na tiketi wala kibao.

Unamkumbuka binti mdogo wa mwalimu wetu, yule aliyekuwa akilia tukimsuka? Ameolewa, na harusi ilikuwa kwao Msangamkuu, ng'ambo ya ghuba. Sisi wa upande huu wa mjini tulipewa kazi ya kupeleka keki. Keki ya ngazi tatu, krimu nyeupe, maua ya waridi ya sukari, imechangiwa na kamati nzima, na kila mchangiaji alikuwa ameshatutumia ujumbe wa kutukumbusha kwamba kuna hela yake humo ndani. Mimi nimevaa lile gauni la bluu ulilonitumia. Nywele nimetoka saluni asubuhi. Nilikuwa nimependeza, usiniulize.

Tulipofika Msemo, pale kivukoni, pantoni ilikuwa imeshavuka na gari la mapambo. Kuzunguka kwa barabara ni safari ndefu, na krimu haipendi jua. Tukakubaliana tuchukue boti ya injini. Ng'ambo unaiona pale pale, minazi yake unaiona, ukiwa na macho mazuri unawaona hata watu. Na maji ya kandokando yetu yalikuwa shwari kabisa. Nani angewaza?

Nahodha alikuwa mzee mmoja mpole mwenye kofia iliyofifia. Akatazama boksi, akauliza, “Hii nini?” Tukamwambia keki ya harusi. Akalipokea mwenyewe kwa mikono miwili, akaliweka nyuma, tezini, karibu na miguu yake, akalifunika kwa turubai na kulifunga kamba. Kisha akatugeukia sisi na tabasamu zito: “Nyie wageni wa heshima, piteni mbele.”

Tukapita mbele. Tukamshukuru, hata!

Nyuma karibu na keki alikaa bibi mmoja mwenye ndoo, upande wa demani, ule usiopigwa na upepo. Hata kabla injini haijawashwa akatoa mfuko mkubwa wa nailoni, akaukunjua taratibu na kujifunika nao kuanzia utosini. Rafiki yangu wa kazini, yule mwenye maneno, akamuuliza, “Bibi, mbona wajifunika, mvua iko wapi?” Bibi akajibu bila kumtazama, “Ya leo inatoka chini, mwanangu.”

Tulicheka. Tukavaa jaketi okozi zetu za rangi ya chungwa juu ya nguo za harusi, tukapiga picha, tukaanza nyimbo. Ukiwa karibu na pwani hujui lolote, kwa sababu nchi kavu inakukinga. Ila siku ile maji yalikuwa yanajaa, tena bamvua, ule ujaaji mkubwa kuliko wa kawaida, mkondo unaingia ndani ya ghuba kwa nguvu, na kusi inavuma kuukabili. Wavuvi wa hapa watakuambia: upepo na mkondo vikifuatana, bahari inalala; vikikabiliana, mawimbi yanasimama wima, mafupi mafupi, yaliyobanana. Hayo sikuyajua wakati ule. Niliambiwa baadaye na mjomba wa bibi harusi, aliyekuwa anaona raha isiyo kifani kunieleza huku mimi natetemeka.

Tulipofika katikati, wimbi la kwanza lilitupa rasharasha tu, tukapiga kelele za furaha kama watoto. Yule rafiki yangu akasimama nusu, akainua uso, akaachia kigelegele. Ndipo pua ya boti ikashuka shimoni na kukutana na la pili. Kigelegele kilikatika katikati, somo. Kilianza kwa sauti na kikaishia kwa maji. Maji yale hayakuja kama tone wala rasharasha, yalikuja kama mtu amekumwagia ndoo na ndoo yenyewe, tena ya chumvi, yakapita kifuani, yakapita mapajani, yakakaa kwenye viatu. Kabla hatujafuta macho likaja jingine. Sisi tuliokuwa upande wa joshi, ule unaopigwa na upepo, tulikula yetu na ya wenzetu. Nywele za saluni zilirudi kule zilikotoka.

Mmoja wetu akainuka ili ahamie nyuma. Na hapo ndipo nahodha mpole alipobadilika. “Kaa chini!” Sauti ile ingesimamisha hata basi. Akapunguza moto wa injini, akaisogeza pua kidogo kuyapokea mawimbi kwa ubavu wa mbele, na hakuna aliyethubutu kuhama tena. Hapa ndipo mchezo wako na wangu unapoachana. Mashua yenu inapita ndani ya mfereji wake, haina pa kwenda, mtu akiropoka au akitapatapa hakuna linaloharibika. Boti ndogo baharini haina mfereji. Watu wakikimbilia upande mmoja uzito unahama, na chombo kinahama nao. Afadhali mtu alowe mpaka mfupani akiwa amekaa alipokaa. Kwa hiyo tulikaa. Tulilowa kwa nidhamu. Utingo anakumba maji kwa kopo, anajitahidi asicheke, na mabega yanamsaliti.

Nyuma kule bibi alikuwa ndani ya nailoni yake, mkavu, mkono mmoja juu ya boksi la keki.

Ufukweni walikuwa wametusubiri na ngoma. Walipotuona tunashuka, ngoma ikalegea, ikanyamaza kabisa, kisha kikaja kicheko ambacho nadhani kilisikika Mikindani. Tulipovua jaketi ndipo mambo yakawa mabaya zaidi: kila mmoja kifuani ana umbo la jaketi lililobaki na ukavu ukavu, sehemu nyingine zote chepechepe. Shangazi wa bibi harusi akatupokea akisema, “Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Haya hamkuyavulia, yamewavamia.” Akatuingiza ua wa nyuma, tukavuliwa, tukapewa kanga za kila aina, chai ya tangawizi, na jiko la mkaa la kuota. Unaniambia kwenu mlipotoka mlikuta chumba cha kukausha watu kwa upepo wa moto, na unakilipia. Sisi moto ulikuwa wa bure ila moshi wake hadi leo uko kwenye kichwa changu.

Simu nikataka kuitumbukiza kwenye mchele, kama wanavyosema. Mchele wote ulikuwa umeshakuwa pilau. Nikaiacha juu ya ukuta ikaanikwa pamoja na sidiria za watu, na namshukuru Mungu imewaka, ingawa spika yake sasa inakoroma. Ukiniona sipokei, jua nasikia muungurumo tu.

Keki ilifunguliwa mbele ya kamati. Hakuna ua lililoanguka, krimu haina hata tundu. Mwenyekiti wa kamati akaipiga picha akawatumia wachangiaji papo hapo. Hakuna aliyetupiga picha sisi, na nashukuru. Au labda walitupiga na wananificha.

Halafu tukaingia kwenye sherehe na kanga zetu za kuazima, zisizofanana, vichwa vimefungwa vilemba vya haraka. Wageni wa upande wa bwana harusi wakadhani sisi ni watu wa jikoni. Wakatukabidhi masinia ya pilau tugawe. Somo, tukagawa! Rafiki yangu wa kigelegele akawa ndiye msimamizi, anaamuru nani aongezwe nyama. Sijawahi kufaidi harusi namna ile, maana mgeni wa heshima hukaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri kuhudumiwa, lakini mgawaji anazunguka kote, anasikia kila umbea na anakula kwanza. Nitakusimulia ya mama mkwe ukija, hayaandikiki.

Tulirudi jioni kwa pantoni, tumebanana na pikipiki na magunia, wakavu. Safari hiyo haina la kusimulia.

Kuhusu gauni lako, usiwe na wasiwasi, ingawa lilinitisha. Lilipokauka likatoka mistari meupe ya chumvi kama ramani. Dada mmoja wa Msangamkuu anayelima mwani akanionya nisiliguse na sabuni kwanza, maana sabuni haitoi povu kwenye chumvi. Nikaliloweka kwenye maji baridi matamu, nikamwaga, nikaloweka tena mpaka maji yakaacha kuwa na ladha (ndiyo, nilionja), ndipo nikalifua kwa mkono na kulianika kivulini. Limerudi rangi yake. Pindo limepungua kidogo, au mimi nimeongezeka kwa ile pilau.

Wifi yako naye, msamehe, lakini usimsamehe bure. Mwambie akupeleke tena kule kule, umkalishe mbele, uzito wote uupange huko huko, na wewe ukae nyuma na mfuko wa nailoni. Akiuliza kwa nini, mwambie mvua inatoka chini.

Ukija nyumbani, jitahidi iwe kipindi cha maleleji, upepo wa kusi ukishachoka na wa kaskazi haujaingia, bahari inakuwa ya kuchezea watoto. Mwalimu anataka sana kukuona, na bibi harusi anasema ana kipande cha keki kakiweka kwenye friji kwa ajili yako, jambo ambalo mimi siliamini, namjua mumewe. Nauli ya kuvuka nalipa mimi. Nitumie tarehe mapema, kwa sababu mama ameshaanza kuulizia ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kukuchemshia na akikosa atanisumbua mimi.

Nisalimie shemeji na wanao.

Ni mimi, somo yako wa Shangani