Ile karatasi ya majibu ya kipimo cha kinyama

Ujiji, Kigoma

Rafiki yangu Zainabu,

Salamu nyingi. Sisi wazima, ila Baba Mdogo anaumwa.

Jana nilimkuta amekaa mkekani, ameegemea ukuta, maana akilala chali pumzi inambana. Miguu imevimba, nilibonyeza juu ya kifundo, kidole kikaacha shimo. Mishipa ya shingo imesimama. Majirani wanasema ni presha, na huenda ni kweli. Lakini nilipouangalia wayo wake nikaona kovu la pale alipotolewa lile doa jeusi kisiginoni, alipokuwa akikaa kwenu Tabora. Hapo nikaingiwa na hofu, na sitakuficha.

Kama lile doa lilikuwa melanoma, yaani saratani ya ngozi, lazima tuufikirie moyo. Sisi weusi saratani hii hutuanzia zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, kusikopigwa na jua. Bob Marley, aliyefariki 1981 akiwa na miaka 36, yake ilianzia kwenye kidole cha mguu. Na melanoma ni katika saratani zinazopenda sana kuhamia moyoni: madaktari wa Marekani waliochapisha uchunguzi wa maiti mwaka 1968 waliikuta kwenye moyo kwa zaidi ya nusu ya waliokufa nayo. Wengi huwa haijulikani wakiwa hai, maana hukaa kimya mpaka moyo uelemewe.

Kipimo cha kwanza ni eko, yaani kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Hakiumi: anapakwa jeli kifuani, na daktari anaona kama kuna uvimbe ndani ya moyo au maji kwenye mfuko unaouzunguka. Maji yakiwa mengi huubana moyo ukashindwa kujaa damu, na hapo hutolewa kwa sindano, kisha hupelekwa maabara kutafutwa seli za saratani. Uvimbe nao waweza kudhaniwa ni bonge la damu, kwa hiyo mara nyingi MRI ya moyo, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, huhitajika.

Ndiyo maana nakuomba ile karatasi ya majibu ya kipimo cha kinyama kilichotolewa kisiginoni. Bila hiyo daktari ataona moyo uliochoka tu, ampe dawa za kupunguza maji, arudi nyumbani. Uliza pia kama maabara bado wanacho kile kipande, ili kipimwe jeni la BRAF. Likiwa limebadilika, kuna vidonge vya dabrafenib na trametinib. Melanoma ya wayo mara nyingi haina badiliko hilo, basi hubaki dawa za kuamsha kinga, kama pembrolizumab na nivolumab, zilizoidhinishwa Marekani 2014. Zina bei ya kutisha, na mara chache kinga hiyo hugeuka kuushambulia moyo wenyewe, kwa hiyo hupimwa kabla na wakati wa matibabu. Lakini wapo ambao saratani ilikuwa imeshasambaa mwilini mwao wakaishi miaka kwa dawa hizo, na Baba Mdogo naye ana haki ya kuulizwa kama anazitaka. Yeye mwenyewe ameniuliza kama ni kansa. Nikamjibu kwamba naihofia na tunaitafuta.

Kesho tunampeleka hospitali ya Maweni. Akipewa rufaa ya Dar, tutaomba aonwe Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na taasisi ya saratani ya Ocean Road. Kwa hali hii safari ndefu ya basi siitaki. Tuchangishane nauli ya ndege.

Mama atazame kwenye bahasha ya vyeti vya zamani vya Baba Mdogo. Ukiipata ile karatasi, ipige picha pande zote mbili unitumie leo hii, hata kama ni usiku.

Wako,
Mwajuma