Tangi Jipya la Samaki: Kwa Nini Hatukuuzii Samaki Siku Hiyo Hiyo

Malalamiko tunayoyapokea zaidi dukani ni haya: "Maji yalikuwa safi kabisa, chakula natia kila siku, na samaki wamekufa wote ndani ya wiki." Tunaamini kila neno. Kinachowaua hakionekani kwa macho.

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake, kupitia mashavu yake, na kinyesi na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyengine. Kwenye tangi la lita 60 haina pa kwenda. Kinachoiondoa ni bakteria. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa sababu huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki huistahamili mpaka utakapobadilisha maji. Tangi jipya halina hata kundi moja la kutosha. Kwa maji ya nyuzi 26 hadi 28, kama yalivyo majumbani kwetu bila ya hita, kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga.

Maji ya visima vingi vya Unguja yamepita kwenye mawe ya matumbawe, kwa hiyo yana chokaa nyingi. Bakteria hawa huipenda hali hiyo. Lakini kwenye maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi kwa samaki, na ndiyo maana tunasisitiza usubiri. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, pampu ya hewa ikivuma ndani yake, kabla ya kuyatia.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Washa chujio usiku na mchana, kisha kila siku tia chembechembe chache za chakula kana kwamba samaki wamo. Pima maji kila baada ya siku mbili tatu. Amonia itapanda, kisha ishuke. Nitriti nayo itapanda na kushuka. Zote mbili zikisoma sifuri, njoo uchukue samaki wawili watatu wadogo, wengine baadaye.

Njia ya mkato tunayoiamini ni sponji kuukuu ya chujio. Ile rojo ya kahawia inayotoka ukiikamua imejaa bakteria hao. Anayenunua tangi kwetu tunampa kipande bure kutoka matangi yetu. Kibebe kikiwa ndani ya maji ya tangi, na usikisuuze bombani hata siku moja: sponji husuuzwa kwenye ndoo ya maji yaliyotoka tangini.

Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria walio ndani ya chujio lililofungwa hukosa hewa. Toa sponji uiache ielee tangini, na kama una pampu ndogo ya betri, iwashe. Tunaiona hii kuwa ununuzi wa maana kuliko mapambo yoyote.

Kama samaki wako tayari wamo na wanahemea juu ya maji, punguza chakula na ubadilishe robo ya maji kila siku. Tuletee maji kwenye chupa isiyo na sabuni, yaliyochotwa asubuhi hiyo hiyo. Kupima ni bure, hata kama tangi hukulinunua kwetu.