Majani ya mwarobaini si kipimo cha saratani

Mhariri,

Tangu mtoe ile makala ya chembe zing'aazo zinazotengenezwa kwa mimea, eti ziwake ndani ya uvimbe wa saratani uonekane, biashara yangu hapa Marikiti imechangamka, nami sina raha nayo. Nauza viungo na miti-shamba. Jumatatu alikuja bwana kutoka Kisauni akitaka kilo mbili za mwarobaini. "Bi mkubwa, ndiyo haya yanayowaka kwenye uvimbe?" Mgonjwa ni mkewe. Nilikataa kumuuzia.

Habari yenyewe si uongo. Mtoto wa dada yangu anasomea kemia, kanieleza. Majani hutiwa maji katika chombo cha chuma kilichofungwa kikakaza, yakapikwa kwa nyuzi 150 hadi 200 saa kadhaa, hata jani likawa si jani tena bali vipunje vya kaboni visivyofika nanomita 10. Unene wa unywele mmoja ni kama nanomita 80,000. Ukivimulika kwa urujuanimno, mwanga usioonekana kwa macho, vingi hutoa mwanga wa buluu. Vipunje vya kaboni vya namna hii viligunduliwa kwa bahati tu mwaka 2004, na vinapendwa kwa kuwa havina kadimiamu, sumu iliyomo katika nyingi ya zile nukta za kwantamu, vipunje vingine ving'aavyo vilivyotengenezwa kabla ya hivi, zilizoleta Nobel ya kemia ya 2023.

Kung'aa nakujua. Taa yangu ya kukagulia noti, nayo ya urujuanimno, huonesha kila noti iliyopita kwenye vidole vyenye bizari ya manjano: alama zinawaka kijani. Nimesaga mwarobaini katika spiriti, chini ya taa hiyo ukawa mwekundu kama kaa la moto. Mwarobaini mbichi huo, haujapikwa, wala haujaonesha ugonjwa wa mtu.

Tena washa tochi ya simu, ifunike kwa vidole. Kinachopenya ni wekundu peke yake. Buluu yote imemezwa na nyama na damu. Ndiyo maana watafiti wanahangaika kupata vipunje vinavyowaka wekundu, na majaribio mengi yangali kwenye seli za maabara na panya. Hilo la panya mliliweka mstari wa mwisho kabisa, Mhariri. Wateja wangu husoma kichwa cha habari.

Yule bwana nilimwambia ampeleke mkewe akapigwe picha aliyoandikiwa na daktari. Alinishukuru vizuri, akavuka njia, akanunua kwa jirani.

Muuza viungo,
Marikiti, Mombasa