Mtoto wa Ngamiani Hapandi Basi Coventry

Nottingham,
14 Mei

Ndugu yangu Bakari,

Asalaam aleikum. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi wazima, ila mvua ya huku unaijua, haina msimu.

Ujumbe wako ulinichekesha. Yaani wewe, uliyekulia juu ya kerea ya baiskeli ya Phoenix ya baba yako, umehamia Coventry halafu unakwenda kazini kwa basi? Hapo ulipo ndipo John Kemp Starley alipotoa Rover mwaka 1885, baiskeli ya magurudumu yanayokaribiana kimo na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli zote zilizojaa Ngamiani, Tanga kwetu, zinafuata umbo lile. Tafadhali usituaibishe.

Umeuliza kama pauni 150 zinatosha kununulia baiskeli. Dukani, mpya, utapewa lichuma zito lenye springi za mapambo. Lakini ukitafuta resi, yaani baiskeli ya mbio, ya zamani ya chuma, ya miaka ya 70 au 80, zinatosha na chenji inabaki. Wenye pesa wamehamia kwenye fremu za kaboni, na hizi zimelala gereji zikisubiri watoto wa marehemu wasafishe nyumba. Majina ya Kiitaliano kama Colnago waachie wakusanyaji, bei yake imeshapaa. Wewe tafuta Raleigh, Dawes, Claud Butler, au hata isiyo na jina. Mimi ningechukua fremu ya kawaida inayonitosha kuliko ya sifa inayonivunja mgongo.

Pita kwenye karakana za hisani zinazotengeneza baiskeli za msaada, matangazo ya mtandaoni, na ile minada ya Jumapili asubuhi watu wanapouzia vyombo vya nyumbani kwenye buti za magari. Novemba ndiyo wakati wa kununua. Jua likitoka tu, kila Mwingereza anakumbuka kwamba ana miguu.

Sasa sikiliza vizuri. Ukienda kuangalia, chukua sumaku ya friji na spana. Sumaku iguse fremu: ikinasa, ni chuma, sawa. Kisha iguse rimu. Ikinasa na hapo, punguza bei au ondoka. Rimu za chuma zenye kromu zinapendeza machoni, lakini zikilowa raba za breki zinateleza, na gari lililo mbele yako halitakusubiri. Unataka rimu za alumini.

Halafu legeza nati ya kiti ujaribu kukizungusha. Ile nguzo ya kiti mara nyingi ni ya alumini ndani ya fremu ya chuma. Ikikaa miaka na unyevu bila grisi, vyuma hivyo viwili vinashikana, na kuvitenganisha kunaweza kukugharimu kuliko baiskeli yenyewe. Shina la usukani lijaribu vivyo hivyo. Kiti kibovu, tairi zilizopasuka, waya zenye kutu, mnyororo mkavu, hivyo visikutishe hata kidogo, ndivyo vinavyokushushia bei. Kilichoganda ndicho cha kuogopa.

Pitisha kidole chini ya paipu ya chini, ile ya mshazari, pale inapokutana na kichwa cha fremu. Ukihisi rangi imejikunja, ujue iliwahi kugonga kitu kwa mbele. Uma, unaoshika gurudumu la mbele, nao uutazame kwa ubavuni usije ukawa umerudi nyuma. Ukiizungusha krenki, ile mikono ya pedali, ukasikia ule mlio wa ko, ko wa pini iliyolegea, wewe mwenyewe unaujua tangu nyumbani, dawa yake rahisi.

Kimo usidanganyike. Simama ukiwa umepanua miguu juu ya paipu ya juu, nyayo zote chini, ibaki nafasi ya vidole viwili vitatu. Kwa urefu wako nadhani fremu ya inchi 23 au 24. Na namba iliyogongwa chini ya fremu, karibu na krenki, itafute kwenye BikeRegister, daftari la baiskeli la mtandaoni, kabla hujatoa hela, usije ukanunua ya wizi.

Kitu kimoja kuhusu Peugeot za zamani: nzuri mno, zinakwenda, lakini nyingi zina nyuzi za skrubu za Kifaransa na vipuri vyake ni vya kuwinda. Raleigh nyingi za hapa Nottingham nazo zina ukaidi wao, nyuzi 26 kwa inchi pale ekseli ya krenki inapofungwa kwenye fremu, wakati wengine walitumia 24. Magurudumu ya inchi 27 yasikusumbue. Rimu yake ina kipenyo cha milimita 630, ya siku hizi ya saizi ya 700C ina 622, kwa hiyo ukibadilisha unashusha raba za breki milimita 4 tu, na mara nyingi breki zinakubali.

Yangu ni Raleigh ya miaka ya 80. Niliipata kwa pauni 80 kwa mzee anayehama nyumba, nikatia 55 kwenye tairi, waya, raba na mnyororo. Ina stika ya Reynolds 531, chuma kilichotolewa Birmingham mwaka 1935, chenye manganizi na molibdenamu. Soma stika hizo vizuri, nyingine zinasema paipu tatu tu ndizo za 531, uma na vya nyuma ni chuma cha kawaida. Yangu ni hiyo ya paipu tatu na sijaona hasara. Watu watakuimbia ulaini wa chuma. Mimi naona nusu ya ulaini huo ni tairi pana kidogo isiyojazwa upepo kupita kiasi.

Gia unazibadilisha kwa vishikio viwili kwenye paipu ya chini, bila vituo, unatafuta kwa sikio mpaka mnyororo unyamaze. Mwanzoni utalaani, halafu utapenda. Jumamosi nakwenda Southwell kwa vijia vya mashambani, kilima kinakuja, nashusha mkono, gia inakaa, napita. Raha yake siwezi kukuandikia yote.

Safari yako ya kwanza iwe Meriden, si mbali na hapo. Kuna mnara wa waendesha baiskeli waliokufa vita vya kwanza, uliozinduliwa 1921. Chai utaipata.

Ukiona tangazo nitumie picha ya upande wa mnyororo, ya rimu, na ya kiti pale kinapoingia kwenye fremu. Usilipe kabla sijaziona. Spana ninazo, nitakuja na treni, na pilau ya shemeji iwe tayari.

Wako,
Rashidi