Salamu za Krismasi kutoka Tabora: kiti cha Mzee Mkuu kina mwenyewe

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, shikamooni.

Nawaandikia ninyi mliolelewa katika shirika zetu za Kanisa la Moravian za Tabora, Urambo na Sikonge, ambao maisha yamewapeleka Dar es Salaam, Mbeya, Kigoma au nje ya nchi. Krismasi njema. Huku nyumbani mvua zimeshika. Waliowahi kupanda, mahindi yao yamefika magotini. Maembe yanaanguka usiku kucha hadi watoto wameyakinai, na wakulima wa tumbaku hata salamu wanaitikia wakiwa wameinama. Tunamshukuru Mungu.

Mwaka huu neno moja la Isaya 9 limenikaa moyoni. Tunalisoma kila Krismasi: mtoto amezaliwa, na uweza wa kifalme utakuwa begani mwake. Huwa tunalipita haraka kuwahi Mshauri wa Ajabu na Mfalme wa Amani. Nawaomba tusimame hapo begani kidogo, maana Kanisa letu lilipewa neema ya kulichukua neno hilo kama utaratibu wa uongozi, si kama wimbo tu.

Wengi tulifundishwa habari hii tukiwa wadogo, kisha tukaiacha kwenye darasa la kipaimara. Tarehe 16 Septemba 1741 ndugu zetu walikutana London wakiwa na shida kubwa. Leonhard Dober alikuwa ameomba kupumzishwa kazi ya Mzee Mkuu, yaani kiongozi wa juu wa Kanisa. Dober alikuwa mfinyanzi. Mwaka 1732 aliondoka Herrnhut, kijiji cha ndugu zetu huko Ujerumani, kwenda kisiwa cha Saint Thomas katika bahari ya Karibi kuwahubiria watumwa, na baadaye akaitwa arudi kuliongoza Kanisa. Kazi ilikuwa imekua hata haibebeki na mtu mmoja. Wakataja majina, wakaomba, wakapiga kura ya kumwachia Mungu aamue, kama mitume walivyofanya kwa Mathiya, na hakuna aliyepatikana. Ndipo wakakubaliana kwamba kiti kile kiwe cha Mwokozi mwenyewe. Tarehe 13 Novemba mwaka uleule makusanyiko yakatangaziwa: Mzee Mkuu ni Yesu Kristo.

Tazameni walichokikataa. Kanisa lilikuwa linaenea kwa kasi, na jambo jepesi lilikuwa kumtafuta mtu hodari, kumpa mamlaka yote na kumtii. Bwana Zinzendorf mwenyewe, aliyewakaribisha ndugu zetu kwenye ardhi yake, alikuwepo, mkabaila mwenye ardhi, elimu na jina. Hawakumkalisha yeye. Tangu siku hiyo hakuna binadamu aliyekaa mahali pale, na kazi zilizobaki ziligawanywa ili zibebwe na wengi.

Ndiyo maana hadi leo chombo cha juu katika jimbo letu ni Sinodi, si mtu. Sinodi ina wachungaji na walei waliotumwa na wenzao. Inamchagua mwenyekiti na halmashauri ya kuendesha kazi kati ya Sinodi moja na nyingine, nao wanarudi mbele yake kutoa hesabu. Askofu naye, kwa nafasi yake ya uaskofu, ni mchungaji wa wachungaji. Anaombea Kanisa, anabariki wachungaji, anashauri na kuonya. Uaskofu wenyewe haumpi funguo za ofisi wala za fedha. Wageni huliona jambo hili geni, lakini mimi naliona ni zuri sana: anayeheshimiwa kuliko wote amepewa kwanza kazi ya kuomba.

Ukitaka kuliona kwa karibu, hudhuria uchaguzi wa wazee wa ushirika. Vikaratasi vinakunjwa mara mbili, vinakusanywa kwenye kikapu kilekile cha sadaka, na mhesabuji anachora vijiti ubaoni, vinne vimesimama na cha tano kimelala. Bibi asiyejua kusoma ananong'oneza jina sikioni mwa mjukuu wake, na kura yake ni moja sawa na ya mwalimu mkuu. Kabla ya vikaratasi kufunguliwa, watu wanaomba. Hapo ndipo 1741 inapofika Tabora.

Sisemi kwamba utaratibu huu unatulinda na ugomvi. Herrnhut yenyewe, kijiji kilichoanzishwa 1722 na wakimbizi wa imani kutoka Moravia, kilifikia karibu kuvunjika, kila kundi likitetea mapokeo yake. Tarehe 12 Mei 1727 walitia sahihi mapatano ya kuishi kama ndugu na kuchagua wazee kumi na wawili. Miezi mitatu baadaye, 13 Agosti, wakashiriki Meza ya Bwana kwa machozi na kusameheana, na mwezi huohuo wakaanza zamu za maombi zilizoendelea zaidi ya miaka mia moja. Mapatano yalitangulia, na machozi yakafuata. Wanaosubiri wajisikie vizuri ndipo wakae meza moja na ndugu zao watasubiri sana.

Nalisema hili kwa uchungu. Katika makanisa ya kila jina hapa nchini tumeona uongozi ukigombaniwa hadi milango ya ibada ikatiwa kufuli na waumini wakaimba nje juani. Aliyeumia zaidi ni mtoto wa Shule ya Jumapili, aliyeuliza kwa nini leo haingii ndani na asipate jibu. Kama kiti cha juu kina mwenyewe, tunagombania nini? Tunagombania utumishi, na utumishi haujawahi kupungua. Wagonjwa wa kutembelewa wapo tele.

Umoja wetu ni mpana kuliko jimbo. Sinodi ya Umoja ya dunia nzima hukutana kila baada ya miaka saba, na mwaka 1995 ilikutana hapahapa nchini, Dar es Salaam. Tanzania ndiyo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nyingine yoyote. Tukigawanyika sisi, tunalitikisa Kanisa zima.

Sasa ya mkesha. Watoto wamekwisha kuanza kukata karatasi ngumu za kuzungushia mishumaa ili nta isiwaunguze vidole, na akina mama wametafuta utepe mwekundu. Desturi hii ilianzia Marienborn, Ujerumani, tarehe 20 Desemba 1747, Askofu Johannes de Watteville alipompa kila mtoto mshumaa wenye utepe mwekundu, akiwaeleza upendo wa Mwokozi na damu yake. Askofu akigawa mishumaa kwa watoto! Mimi sijui picha bora ya uongozi.

Kwa hiyo, mtakaokuja na treni kutoka Kigoma au Dar es Salaam, karibuni nyumbani. Michembe ipo na asali mpya ipo. Mtakaobaki huko mliko, tafuteni ushirika ulio karibu, msisali peke yenu siku hiyo. Na wewe ambaye hamsemeshani na mzee mwenzako au mwanakwaya mwenzako tangu uchaguzi uliopita, nakusihi mpigie simu kabla ya tarehe 24, hata kama ni yeye aliyekosa.

Mwanakondoo wetu ameshinda, tumfuate. Krismasi njema, na mwaka mpya wenye mvua za kutosha.