Baada ya Namugongo: barua kwa Masanja

Kampala,
9 Julai

Ndugu yangu Masanja,

Nimefurahi kusikia mlifika Mwanza salama na kwamba mpakani hamkucheleweshwa. Huku sote wazima. Watoto bado wanamuulizia shemeji na zile karanga zake.

Siku ile tukitoka Namugongo uliniuliza swali ambalo umati haukutupa nafasi ya kulizungumza. Mashahidi, wale Wakristo wa Buganda, waliuawa mwaka 1886, miaka michache baadaye Waingereza wanatawala. Hapo katikati palitokea nini? Palitokea vita, Masanja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe, vya karibu miaka minne, na mahujaji wengi tunapita juu ya ardhi hiyo bila kujua. Nimevisoma sana tangu nihamie huku, na nimekuwa nikitafuta mtu wa kuzungumza naye.

Nianze na wakubwa, maana habari zao ndizo zilizoandikwa. Mwanga alirithi kiti cha Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, mwaka 1884 akiwa kijana mno. Septemba 1888 alipanga kuwapeleka vijana wake wenye bunduki, Wakristo na Waislamu pamoja, kisiwani awatelekeze huko. Siri ikavuja. Wakakataa kupanda mitumbwi, wakamgeukia, wakamtoa. Akakimbia kwa maji mpaka Magu, hiyo hiyo Magu yenu, kwa wafanyabiashara Waarabu. Hakukaa nao kwa raha, akaishia kwa mapadri wa Kifaransa pale Bukumbi.

Waliomtoa hawakupatana hata miezi miwili. Walimweka Kiweewa, kaka yake mkubwa, wakati kwa mila ya Buganda mtoto wa kwanza wa kiume hatawali. Oktoba Waislamu wakawafukuza Wakristo mjini. Kiweewa akatakiwa atahiriwe, akakataa, akaondolewa. Akawekwa Kalema, ndugu yao mwingine, yeye akakubali tohara.

Habari za Kalema zilininyima usingizi. Huko Buganda mtoto wa Kabaka alikuwa hatari kwa kuzaliwa tu, kwa sababu yeyote kati ya ndugu angeweza kuchukuliwa na watu wenye nguvu akapewa kiti. Ndiyo maana tangu zamani balangira, wana wa kiume wa kifalme, waliwekwa chini ya ulinzi. Kalema alijua fika jinsi yeye mwenyewe alivyopata kiti. Mwaka 1889, Mwanga alipoanza kurudi, aliamuru ndugu zake wakusanywe, wakachomwa moto. Bambejja nao, mabinti wa kifalme ambao kwa mila hawarithi kiti, hawakuachwa. Kiweewa naye aliuawa. Kwa hiyo mtu akisema wakubwa huwa salama vitani, mwambie wale walizaliwa ndani ya uzio wa jumba la mfalme na uzio huo huo ndio uliowazuia kukimbia. Mkopi, raia wa kawaida, angeweza kujificha kwa shemeji yake kijiji cha pili. Mlangira angejificha wapi na kila mtu anaujua uso wake?

Machifu nao walionja uhamisho. Wakristo waliofukuzwa walikimbilia Kabula, upande wa Lyantonde ya leo, kwa ruhusa ya Ntare, mfalme wa Nkore. Watu waliokuwa wakipigiwa magoti jana wakawa wageni wa kuomba mahali pa kulala. Honorat Nyonyintono, Mkatoliki aliyekuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu, kwa ule muda mfupi wa Kiweewa, ndiye aliyewaongoza uhamishoni, akafia vitani mwaka 1889. Uongozi ukashikwa na Apolo Kagwa, Mprotestanti. Mwanga akarudishwa kwa mashua ya Charles Stokes, Mwailandi aliyeacha umisionari akawa mfanyabiashara wa bunduki na pembe. Mji wa Mengo ulitekwa Oktoba 1889, ukapotea Novemba, ukatekwa tena Februari 1890. Kalema alirudi nyuma kuelekea Bunyoro, na mwaka huo huo akafa kwa ndui.

Hayo utayapata popote. Kinachonishughulisha mimi ni hao wakopi, ambao hakuna aliyeandika majina yao. Wengi wao hawakuwa Wakristo wala Waislamu. Waliendelea na balubaale wao, mizimu ya ziwa na ya vita na ya tauni, huku vijana wa ikulu waliojifunza kusoma (na vitabu vya kwanza vya wengi wao, Masanja, vilikuwa vya Kiswahili) wakipigania nani awe na nchi. Vita havikuwa vyao. Lakini vilipita shambani kwao.

Wewe ni mtu wa mpunga na pamba, nikueleze kama Mhaya. Kibanja cha migomba kinataka mkono wa mtu wakati wote. Unakata majani makavu, unang'oa machipukizi na kubakiza matatu tu kwa shina, yaani mama, mtoto na mjukuu, halafu unatandaza nyasi na majani chini ili udongo usikauke. Huku Buganda kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke. Ukipanda upya, unasubiri zaidi ya mwaka kabla ya kukata mkungu wa kwanza. Lakini ukikitunza, kibanja kimoja kinamlisha bibi na wajukuu zake. Basi jeshi la wakati ule halikubeba chakula. Lilikula lilipofika. Likikaa kijijini siku chache linakata mikungu yote, iliyokomaa na ambayo bado, linachukua mbuzi na kuku, na likiondoka kwa hasira linafyeka mashina na kuchoma nyumba. Mwenye kibanja akirudi kutoka porini anakuta ana njaa ya mwaka mzima mbele yake. Akikawia kurudi, anakuta pori.

Na wanawake wenyewe walikuwa ngawira. Hili linaniuma kuliko yote, na pande zote walilifanya. Mke wa mkopi aliyeshikwa aligawiwa mpiganaji kama alivyogawiwa mbuzi, na wengine waliuzwa kwa wafanyabiashara wakavushwa ziwa kuelekea kusini. Wapo miongoni mwa watu wa kwenu, naamini, wenye bibi wa bibi aliyetoka huku kwa njia hiyo. Juu ya hayo ikaja sotoka, ikamaliza ng'ombe, pamoja na njaa na ndui. Lugard, kapteni wa kampuni ya Kiingereza aliyefika Kampala Desemba 1890, alikuta nchi iliyokwisha kuchoka.

Mkopi alikuwa na kinga moja tu, nayo ni miguu yake. Hakufungwa kwa chifu mmoja. Akionewa, hufunga mzigo usiku, akaenda kusenga kwa chifu mwingine: anapiga magoti, anajitambulisha, anapewa shamba. Chifu bila watu si chifu, kwa hiyo hata mkali alilazimika kujizuia kidogo. Wakati wa vita kinga hiyo ilitumika mpaka ikachakaa. Baada ya ushindi wa 1890 vyeo viligawanywa nusu kwa nusu baina ya Wakatoliki na Waprotestanti, na kila chifu mpya alikuja na watu wake mpaka ngazi ya kijiji. Mkopi akaulizwa swali ambalo babu yake hakuwahi kuulizwa: wewe ni wa dini gani? Wengi walijibu kwa dini ya chifu. Siwalaumu hata kidogo. Mtu analinda migomba yake na watoto wake.

Halafu Januari 1892. Watu walikwisha kuitana Bafransa (Wakatoliki) na Bangereza (Waprotestanti), ilhali wote ni Waganda. Ugomvi ulianzia kwenye bunduki moja iliyogombewa, Mprotestanti akauawa, Mwanga akahukumu kwamba Mkatoliki alijitetea. Lugard hakuridhika, akawagawia Waprotestanti bunduki, na tarehe 24 wakapigana hapo hapo kati ya vilima vya Mengo, Rubaga na Kampala Kongwe. Kutoka kimoja hadi kingine unatembea kwa mguu bila kuchoka. Tulivipita siku ile kwenye bodaboda, nikakuonyesha kanisa la Rubaga. Lile la mwanzo lilichomwa moto siku hiyo. Lugard alikuwa na bunduki ya Maxim, ile ya kufyatua risasi mfululizo, na mchana ule ule mambo yakawa yamekwisha.

Lakini hayakwisha. Mwanga na Wakatoliki walikimbilia kisiwa cha Bulingugwe, karibu na Munyonyo, na raia wengi wakawafuata kwa sababu hawakujua pengine pa kwenda. Tarehe 30 wakashambuliwa kutoka bara kwa ile Maxim. Watu wakajitupa kwenye mitumbwi. Mitumbwi ya Buganda ya wakati ule ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, ikizidiwa uzito ilijaa maji. Wengi walizama, na miongoni mwao wanawake na watoto waliokuwa hawajashika bunduki maishani mwao. Nimesimama ufukweni Munyonyo, palipojengwa hoteli sasa, nikakitazama kisiwa. Ni karibu sana. Aliyefyatua aliwaona.

Suluhu yake ilikuwa kugawa nchi kwa dini. Wakatoliki wakapewa Buddu, ule upande wa Masaka unaoupita ukija kwa njia ya Mutukula. Waislamu, ambao sasa walimfuata Mbogo, ndugu wa marehemu Mutesa, baba yake Mwanga, wakapewa majimbo matatu madogo: Butambala, Gomba na Busujju. Waprotestanti wakashika sehemu kubwa iliyobaki. Kwenye ramani ni mistari tu. Chini, maelfu ya watu walifunga mizigo. Waprotestanti wa Buddu wakatoka, Wakatoliki wa majimbo mengine wakaingia, wakapishana njiani na nguo zao za magome, vyungu, watoto mgongoni. Migomba haibebeki. Kila familia iliacha ya kwake ikaenda kurithi ya mtu mwingine, kama ilikuwapo.

Na sasa fika mwaka 1900, maana hapo ndipo naona hesabu ya vita ilipofungwa. Mwanga hakuwepo tena, alikuwa amehamishiwa Shelisheli, na huko akafa mwaka 1903. Kabaka alikuwa mtoto mdogo, Daudi Chwa. Walioketi na Waingereza ni machifu walioshinda, Apolo Kagwa akiwa mbele na Stanislaus Mugwanya upande wa Wakatoliki. Mkataba ukawapa Kabaka na ndugu zake maeneo yao, na machifu na wakubwa wengine wapatao 1,000 wakapewa maili za mraba 8,000, mali yao ya kudumu, ya kurithisha na ya kuuza. Watu wale wale waliolala porini Kabula miaka kumi na moja kabla! Mkopi hakutajwa kama mwenye chochote, ila kwenye kodi ya nyumba, rupia tatu. Akaamka mpangaji kwenye kibanja alicholima baba yake. Na ile kinga ya miguu ikafa kimyakimya, kwa sababu kila alikohamia alikuta ardhi ina mwenyewe. Hata makaburi ya koo yaliangukia kwenye mashamba ya machifu, na hilo ndilo lililowainua bataka, wakuu wa koo, kulalamika miaka ya 1920. Sheria ya kuweka ukomo wa malipo ya mpangaji ilipatikana mwaka 1928.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako ni hili: vita vilimwumiza mkopi, lakini kilichomnyang'anya ni amani ile ya 1900. Kagwa alikuwa mtu shujaa na mwenye akili nyingi, simnyimi sifa yake. Ila ninapopita kwenye barabara yenye jina lake nawakumbuka wale wa Buddu wakipishana barabarani.

Nina ombi. Unafahamiana na mzee yule wa parokia ya Bukumbi. Wana wawili wa Kalema walilelewa na mapadri huko huko kwenu, wakati baba yao alishakufa na kila upande ulitaka kuwashika kwa sababu ya kiti. Muulize kama wazee wa pale walisimulia chochote juu yao: walilala wapi, walicheza na watoto gani. Na Desemba ukija, usipitilize mpaka Kampala usiku. Shuka Masaka asubuhi, nitakuja kukupokea stendi, tutembee Buddu mchana.

Msalimie shemeji na mama.

Ni mimi ndugu yako,
Rwegasira